Serikali ni Amana: Mfano wa Bunge la Malaysia



Ukurasa wetu wa mwezi huu twauelekeza khasa kwa vijana, na pia kwa wazee wao waliomo majumbani, kwani jambo tutakalolieleza humgusa kila raia, naye aghlabu huachiwa alijue kwa kusikia sikia barazani. Jambo lenyewe ni hili: Serikali ya nchi huwekwaje, husimama juu ya nini, na huondokaje, katika nchi zile ambazo utawala wake umefungamana na Bunge?

Watu wengi hudhani kuwa serikali ni mtu mmoja. Wakiambiwa kuwa fulani ndiye mkubwa wa nchi, huona kwamba amri ni yake na hazina ni yake, na kwamba akishakaa kitini hana wa kumuuliza mpaka muda wake uishe. Katika utawala wa Bunge mambo hayako hivyo. Huko serikali ni mfano wa msimamizi wa mali ya wakfu. Funguo zimo mkononi mwake, lakini nyumba si yake, na wale waliompa funguo waweza kumwambia siku yoyote, "Tuletee hisabu," na asipowaridhisha wakamwambia, "Turudishie funguo."

Maneno matupu hayamfundishi mtu, basi tumechagua nchi moja iwe mfano wetu, nayo ni Malaysia. Tumeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake ni Waislamu, na madhehebu yao ni ya Imamu Shafi, kama yalivyo ya watu wengi wa pwani yetu. Ya pili, baina ya mwaka 2018 na mwaka 2022 serikali ya nchi hiyo ilitikisika mara kwa mara, hata vyombo vyake vya ndani vikaonekana wazi, kama saa iliyofunguliwa mgongo. Kwa muda usiofika miaka 5 waliapishwa mawaziri wakuu 4, mmoja baada ya mwingine, wala askari hawakutoka kambini kuja kuitwaa nchi. Mwenye kutaka kujua serikali ya Bunge ni kitu gani, na aitazame khabari hiyo.

Nchi na Mfalme wake

Malaysia iko upande wa kusini-mashariki mwa Asia. Sehemu yake ya bara, iliyokuwa ikiitwa Malaya, ilipata uhuru kutoka kwa Muingereza tarehe 31 Agosti 1957. Tarehe 16 Septemba 1963 Sabah, Sarawak na Singapore zikaungana nayo, ndipo likapatikana jina la Malaysia; na mwaka 1965 Singapore ikatengana nayo. Hivi leo ni shirikisho la dola ndogo 13, pamoja na sehemu 3 zilizo chini ya serikali kuu. Katiba yao yasema kuwa Uislamu ndio dini ya shirikisho, na kwamba dini nyingine zaweza kufuatwa kwa amani.

Katika dola hizo 13, dola 9 zina watawala wa kurithi, wengi wao wakiitwa masultani. Kila baada ya miaka 5 watawala hao 9 hukutana na kumchagua mmoja wao, kwa kura ya siri, awe Mfalme wa shirikisho zima. Cheo chake huitwa Yang di-Pertuan Agong. Huapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kuwa atatawala kwa haki na kuihifadhi katiba, na muda wake ukiisha hurejea katika dola yake, mwenziwe akashika.

Sheria za nchi hutolewa kwa jina la Mfalme, na wakubwa wa serikali hupewa vyeo kwa jina lake. Lakini isidhaniwe kuwa yeye ndiye mwenye kuendesha kazi za kila siku, kwani katiba yamlazimisha, katika mambo mengi, atende kwa shauri la Baraza la Mawaziri. Yako machache aliyoachiwa akili yake mwenyewe, na makubwa katika hayo ni mawili: kumteua Waziri Mkuu, na kulikubali au kulikataa ombi la kulivunja Bunge. Msomaji na ayaweke mawili haya moyoni, maana tutayarejea.

Mabaraza mawili

Bunge la Malaysia lina mabaraza mawili. Baraza lenye nguvu zaidi huitwa Dewan Rakyat. Ajabu ya maneno haya ni kuwa hayatutupi mkono, kwani "dewan" ni ndugu wa neno letu "diwani", na "rakyat" ni ndugu wa neno letu "raia", na yote mawili wao na sisi tumeyapata kwa njia ya Kiarabu. Tena neno "raia" katika asili yake lina maana ya wale wanaochungwa, na kila aliyesoma chuoni ajua kuwa mchungaji ataulizwa juu ya alichokichunga. Basi Dewan Rakyat ni baraza la wale wanaochungwa, nao hukaa humo kumuuliza mchungaji.

Wabunge wa baraza hili ni 222, na kila mmoja huchaguliwa na jimbo lake la uchaguzi. Aliyepata kura nyingi kuliko wenziwe ndiye mshindi, hata kama kura zake hazikufika nusu. Umri wa Bunge ni miaka 5, ila laweza kuvunjwa kabla ya muda huo. Na likivunjwa, uchaguzi mkuu hauna budi kufanywa ndani ya siku 60.

Baraza la pili huitwa Dewan Negara, lenye wajumbe 70. Wajumbe 26 huchaguliwa na mabaraza ya zile dola 13, wawili wawili, na 44 huteuliwa na Mfalme. Kazi yao ni kuutazama tena mswada uliopitishwa na wenzao, kama mzee anayeletewa jambo na vijana akawaambia, "Hebu lifikirini tena." Waweza kuuchelewesha mswada wa kawaida kwa muda wa kama mwaka, na mswada wa fedha kwa muda wa mwezi mmoja, lakini hawana nguvu ya kuuua kabisa. Neno la mwisho ni la wale waliochaguliwa na raia.

Serikali huzaliwaje

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Raia wa Malaysia hampigii kura Waziri Mkuu. Humpigia kura mbunge wa jimbo lake tu. Uchaguzi ukimalizika, Mfalme hutazama: ni mbunge gani wa Dewan Rakyat anayeelekea kuaminiwa na wabunge walio wengi? Huyo ndiye humteua kuwa Waziri Mkuu. Na kwa kuwa wabunge ni 222, mwenye kuungwa mkono na 112 ana wingi wa kutosha, na mwenye 110 hana, ijapokuwa tofauti yao ni watu wawili.

Waziri Mkuu naye huchagua mawaziri wake, na sharti yao ni kuwa wawe wajumbe wa moja katika mabaraza yale mawili. Maana ya sharti hii ni kubwa. Waziri haketi mbali, ofisini mwake, akatuma barua. Huingia ndani ya Bunge, akasimama mbele ya wenziwe, akaulizwa juu ya dawa za hospitali au bei ya mchele, na akajibu watu wakisikia. Tena katiba yawafanya mawaziri wote wabebe mzigo kwa pamoja mbele ya Bunge. Haifai waziri akubali jambo asubuhi katika Baraza la Mawaziri, kisha jioni atoke nje na kusema, "Mimi simo." Akiwa hawezi kulibeba, na ajiuzulu.

Na je, Waziri Mkuu akipoteza imani ya wabunge walio wengi? Katiba imemuachia milango miwili tu. Ama atamuomba Mfalme alivunje Bunge, ili raia waulizwe upya. Ama atajiuzulu yeye na mawaziri wake wote. Na Mfalme akilikataa ombi la kulivunja Bunge, umebaki mlango mmoja. Hakuna mlango wa tatu wa kukaa kitini kwa nguvu.

Nguvu ya mkoba

Bunge lina kamba nyingine ya kuishikia serikali, nayo ni fedha. Serikali haiwezi kutoza kodi wala kutoa mali ya hazina ila kwa ruhusa ya sheria iliyopitishwa na Bunge. Ndiyo sababu bajeti ya kila mwaka ni mtihani wa serikali yenyewe, kwa kuwa serikali iliyonyimwa fedha haina cha kuendeshea kazi, na bajeti ikianguka huhesabiwa kuwa imani nayo imeondoka.

Tarehe 15 Desemba 2020 mtihani huo ulionekana dhahiri. Bajeti ya mwaka 2021 ilipofika mwisho wake katika Dewan Rakyat, ilipita kwa kura 111, na waliokataa walikuwa 108. Lau wabunge wawili tu wangalihama kutoka upande huu kwenda upande ule, bajeti ingalianguka, na serikali ingalijikuta ukingoni.

Ama sheria nyingine, mswada husomwa, hujadiliwa sehemu kwa sehemu, hupigiwa kura, hupelekwa baraza la pili, kisha humfikia Mfalme ili autie idhini ndani ya siku 30. Na zikipita siku hizo bila ya idhini, mswada huwa sheria vivyo hivyo. Lakini kuibadili katiba si jepesi namna hiyo. Vifungu vyake vingi havibadilishwi ila kwa thuluthi mbili za wabunge wote, yaani 148 katika Dewan Rakyat. Mlango wa nyumba huufungua kila siku, lakini kuubomoa ukuta wake wataka shauri la jamaa wengi.

Miaka ya mtikisiko

Sasa na tuitazame khabari yenyewe. Tangu uhuru wa 1957, nchi ilikuwa ikiongozwa na muungano mmoja wa vyama, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la Barisan Nasional. Katika uchaguzi wa tarehe 9 Mei 2018, kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 60, muungano huo ukashindwa. Walioushinda ni muungano wa Pakatan Harapan, na Dk. Mahathir Mohamad, naye ana umri wa miaka 92, akaapishwa kuwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alishika cheo hicho tangu 1981 hadi 2003.

Serikali hiyo haikufika miaka miwili. Mwezi wa Februari 2020 chama kimoja kikajitoa katika muungano uliotawala, na wabunge kadha wa chama kingine wakakihama chama chao. Tarehe 24 ya mwezi huo Dk. Mahathir akajiuzulu. Nchi ikabaki na swali: nani sasa mwenye wingi? Hapo ndipo Mfalme, Sultani Abdullah wa Pahang, alipoitumia ile kazi ya kwanza tuliyomuomba msomaji aiweke moyoni. Kwa muda wa siku mbili aliwaita wabunge mbele yake, akauliza kila mmoja anamuunga mkono nani. Mwisho wake Muhyiddin Yassin akateuliwa, na akaapishwa tarehe 1 Machi 2020.

Wingi wake ulikuwa mwembamba kama uzi. Mwezi wa Januari 2021, maradhi ya korona yakiwa yameenea, ikatangazwa hali ya hatari, na Bunge halikukaa tena mpaka tarehe 26 Julai. Walioiunga mkono serikali walisema kuwa maradhi yaliwalazimisha. Walioipinga walisema kuwa serikali yakimbia kuulizwa. Lakini Bunge lilipofunguliwa, swali likawa lingali pale pale likingoja. Baadhi ya wabunge waliokuwa upande wa Muhyiddin wakauondoa mkono wao, naye tarehe 16 Agosti 2021 akajiuzulu. Siku tano baadaye akaapishwa Ismail Sabri Yaakob.

Ismail Sabri naye, mwezi wa Oktoba 2022, alimuomba Mfalme alivunje Bunge, na hiyo ni ile kazi ya pili. Mfalme akakubali, na raia wakapiga kura tarehe 19 Novemba 2022. Matokeo yake hayakupata kuonekana nchini humo kabla yake, kwani hapana hata muungano mmoja uliofika 112. Pakatan Harapan walikuwa na 82, Perikatan Nasional walipata zaidi ya 70, na Barisan Nasional, waliozoea kutawala peke yao, wakapata 30 tu. Kwa siku kadha nchi ilingoja. Mfalme akawasikiliza viongozi wa vyama, akashauriana na watawala wenziwe, na tarehe 24 Novemba akamuapisha Anwar Ibrahim, kwa kuungwa mkono na waliokuwa mahasimu wake wa miaka mingi. Tarehe 19 Desemba Anwar akaomba kwa hiari yake imani ya Dewan Rakyat, akapewa. Hivyo ndivyo ilivyo: hata aliyekwisha kuapishwa na Mfalme yampasa aonyeshe kuwa Bunge liko pamoja naye.

Amana iliyohamishwa

Huenda msomaji akauliza: yule mpiga kura wa mwaka 2018, aliyesimama juani ili achague upande fulani, kisha mwaka 2020 akamuona mbunge wake amekaa upande mwingine, haki yake iko wapi?

Swali hili liliwachoma Wamalaysia wengi, na majibu yalikuwa mawili. Wako waliosema kuwa kura humchagua mtu wala haikichagui chama, na kwamba mbunge ana akili yake. Akiona chama chake kimepotoka, dhamiri yake yamruhusu kukiacha. Wengine wakasema kuwa yule mtu alichaguliwa kwa sababu ya bendera aliyoibeba, na kuibadili bendera njiani bila ya kuwauliza waliomtuma ni kuitumia amana katika jambo asiloagizwa.

Majibu yote mawili yana chembe ya haki, lakini twaona la pili ndilo zito zaidi. Mtu akikupa fedha umnunulie mchele, nawe ukaona unga ni bora ukanunua unga, huenda hukuiba hata senti. Lakini amana hukuitekeleza. Njia ya mwenye dhamiri ni kurejea kwa aliyekutuma na kumwambia, "Shauri langu limebadilika, waonaje wewe?" Mbunge aliyebadili upande, naye yakini kuwa ni kwa ajili ya haki, asingeogopa kurejea jimboni kuomba kura tena.

Bunge lao lenyewe liliona kuwa jambo hili halifai kuachwa. Tarehe 28 Julai 2022 Dewan Rakyat ilipitisha badiliko la katiba kwa kura 209, pasipo hata mmoja kukataa, na likaanza kutumika mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Tangu hapo mbunge akikihama chama alichochaguliwa nacho hupoteza kiti chake. Sheria hii ina matundu yake, kwani mbunge aliyefukuzwa na chama chake hapotezi kiti, na chama kizima chaweza kuhama kutoka muungano huu kwenda muungano ule. Sheria huweka mpaka. Kujaza uaminifu ndani ya mpaka huo ni kazi ya malezi.

Upinzani na mahakama

Tusisahau nguzo mbili nyingine. Ya kwanza ni upinzani. Wako wanaodhani kuwa mpinzani ni adui wa nchi. Na tuutazame msikiti. Imamu akisahau katika sala, maamuma aliye nyuma yake humkumbusha kwa "Subhanallah". Hakuna anayesema kuwa maamuma huyo ameivunja sala. Bali amesaidia sala isimame sawa. Wala hamvuti imamu nguo kumtoa katika kibla. Mpinzani mwema Bungeni ndio mfano huo: huikosoa serikali kwa hoja, wazi, ndani ya kanuni. Imamu mwema naye hakasiriki akikumbushwa.

Nguzo ya pili ni mahakama. Najib Razak alikuwa Waziri Mkuu tangu 2009 hadi 2018. Tarehe 28 Julai 2020 mahakama kuu ilimkuta na hatia katika mashtaka ya mali ya umma, ikamhukumu kifungo cha miaka 12. Alikata rufani, na tarehe 23 Agosti 2022 mahakama ya juu kabisa ikaithibitisha hukumu, akapelekwa gerezani siku ile ile. Na siku hiyo Waziri Mkuu aliyekuwa kitini alikuwa mtu wa chama chake mwenyewe! Mwanzo wa mwaka 2024 Bodi ya Msamaha ilimpunguzia kifungo hicho kikawa miaka 6, na watu wakasema mengi, wenye kuridhika na wenye kunung'unika. Lakini lililokwisha kuonekana limeonekana: mtu aliyeshika funguo za nchi miaka 9 aliulizwa juu ya funguo hizo.

Na sisi je?

Vijana wetu wasione kuwa khabari hii ni ngeni kabisa. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ilianza kwa utaratibu wa namna hii. Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, na mwaka wa pili wake, 1962, nchi ikawa jamhuri yenye Rais. Kenya nayo ilipata uhuru 1963 ikiwa na Mzee Kenyatta kuwa Waziri Mkuu, na ikawa jamhuri mwaka 1964. Hivi leo katika nchi hizi mbili Rais huchaguliwa na raia wenyewe kwa muda wa miaka 5, wala cheo chake hakianguki kwa sababu tu wabunge walio wengi hawapatani naye. Kwa hivyo mwenye kulinganisha na alinganishe kwa elimu, asichanganye maji na mafuta. Lakini Bunge la kuuliza, bajeti ya kupitishwa, mahakama ya kuhukumu na mbunge aliyetumwa na watu, hayo yako kwetu kama yalivyo kwao.

Hatusemi kuwa utaratibu wa Bunge umeteremshwa kutoka mbinguni. Ni kazi ya wanadamu, na mwanadamu hukosea. Twasema kuwa Muislamu ana mizani za kuupimia. Qur'ani ina sura nzima iliyoitwa kwa jina la mashauriano, Suratu Sh-Shura. Na Sayyidna Abubakar, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, aliposhika ukhalifa aliwataka watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akipotoka. Kushauriana, kutimiza amana na kutoa hisabu ni mambo tuliyoyajua madrasani kabla ya kuyasoma katika katiba ya nchi yoyote.

Basi kwa wazee twasema: msiwafundishe watoto kuwa siasa ni matusi na vumbi la magari. Wafundisheni kuwa kura ni mfano wa ushahidi, na mwenye kutoa ushahidi hauuzi kwa kilo ya sukari wala kwa kanga. Mwenye kukununua leo kwa kanga, kesho hatakuona wewe kuwa mtu wa kumuuliza, maana amekwisha kukulipa.

Na kwa vijana: mwaka 2019 Dewan Rakyat ya Malaysia iliuteremsha umri wa kupiga kura kutoka miaka 21 hadi 18, kwa kura 211 zisizokuwa na mpinzani, baada ya vijana wenyewe kulidai jambo hilo kwa adabu na kwa hoja. Tanzania na Kenya umri wenyewe ni huo huo 18. Aliyetimiza miaka hiyo tayari ameingia katika hisabu ya wenye kuulizwa. Mjue mbunge wako kwa jina. Jua alisema nini alipoomba kura, na alisema nini alipofika Bungeni. Ukiona yamepishana muulize, kwa heshima, wala usichoke. Na akija tena kuomba, mpime kwa jibu lake.

Wabillahi t-tawfiq.